Kuingia ndani kwa Kifini si "-ni" ya nyumbani

Anayeanza Kifini hufurahi mapema: kumbe nao wana kiambishi cha mahali kama -ni yetu! Sivyo. Sisi husema naingia nyumbani, nimo nyumbani, natoka nyumbani; "nyumbani" ni ile ile, mwelekeo umebebwa na kitenzi. Mfini huubandika kwenye nomino yenyewe: menen taloon (naingia), olen talossa (nimo), tulen talosta (natoka).

Basi, watu husema, kuingia ni kurefusha irabu na kutia n. Kwa talo, ndiyo. Lakini maa (nchi) huwa maahan, na huone (chumba) huwa huoneeseen. Na urefu huo si pambo: talon ni "ya nyumba", taloon ni "kuingia nyumbani". Sisi wenye kata na kataa tusingepaswa kuteleza hapo, ila tunateleza.

Dhana potofu ninayoipenda zaidi ni hii: konsonanti ikilegea katika umbo moja, hulegea kote. Aliyeko Helsinki yuko Helsingissä, k imelainika; aliyeko Turku yuko Turussa, k imetoweka kabisa. Mwanafunzi anatunga "Helsingiin" na "Turuun". Makosa! Ni Helsinkiin na Turkuun. Zamani kiambishi hiki kilikuwa na h katikati, kwa hiyo silabi iliyoanza na k iliishia kwa irabu, na k, ambayo hulegea silabi yake ikifungwa na konsonanti, haikuwa na sababu ya kulegea. Baadaye h ikaanguka, k ikabaki imara. Katika lahaja ya Pohjanmaa ya Kusini h hiyo ingali hai: talohon.

Majina ya miji na nchi nayo hayafuati mstari mmoja. Kwenda Tampere ni Tampereelle, kwa kiambishi ambacho kwingine humaanisha kuelekea juu ya kitu au kwa mtu. Urusi ni Venäjälle, Kenya ni Keniaan. Hapo unakariri tu. Hata hivyo Tampereeseen ipo: rakastuin Tampereeseen, nimeangukia penzi la Tampere.

Tena si lazima kitu kisogee. Ukisahau kitabu kwenye basi utasema unohdin kirjan bussiin, kana kwamba usahaulifu wako ndio uliokitumbukiza humo. Na aliyebaki nyumbani siku nzima bila kuvuka kizingiti husema jäin kotiin, kwa umbo lile lile la kuingia.