Si Nchi Zote za Ulaya Zinazotambua Ndoa za Jinsia Moja

Hapa Dodoma, vijiweni na hata vyuoni, wengi huamini kwamba nchi zote za Ulaya zinaruhusu ndoa za watu wa jinsia moja na kwamba hakuna nchi ya Afrika inayoziruhusu. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa habari za nje hutufikia zikiwa zimefupishwa mno, lakini hailingani na sheria zilivyo.

Uholanzi ilikuwa ya kwanza duniani kuziruhusu, mwaka 2001, na Afrika Kusini ikaziruhusu mwaka 2006, miaka 7 kabla ya Ufaransa. Italia, kwa upande wake, tangu 2016 inatambua muungano wa kiraia, ambao huwapa wenzi haki nyingi za wanandoa, zikiwamo za urithi, bila kuwa ndoa. Nayo Katiba ya Poland ya mwaka 1997 inaitaja ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Denmark ilianza kusajili wenzi wa jinsia moja mwaka 1989, ila ndoa yenyewe ikasubiri hadi 2012. Tofauti hii kati ya kusajiliwa na kufunga ndoa ni ya msingi, na inasikitisha kwamba taarifa nyingi huifuta.

Anayetaka kuhakiki asome kwanza kifungu cha 9 cha Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachoeleza ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, kisha atafute kifungu kama hicho katika sheria ya nchi inayotajwa, akiangalia mwaka kilipoanza kutumika na iwapo kinahusu nchi nzima, maana huko Japani vyeti vya wenzi wa jinsia moja hutolewa na serikali za mitaa.