Kabla ya kununua mbwa wa kuswaga, tafuta kwanza kazi ya kumpa

Mama mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, alimleta mbwa wake kliniki Jumatatu asubuhi, amemfunga khanga shingoni kwa sababu kamba alishaitafuna njiani. "Dokta, huyu kapata wazimu," akaniambia hata kabla hajakaa. Kuku wake walikuwa hawatagi. Tangu jua linapochomoza mbwa anawazungusha uani, anawakusanya wote kwenye kona karibu na choo, kisha analala kifudifudi na kuwakodolea macho. Kuku akithubutu kutoka, anarudishwa. Wajukuu wakikimbia, wanadonolewa visigino. Na jana yake alikuwa amemfukuza bodaboda nusura waingie mtaroni wote wawili.

Nilimpima joto: 38.6. Fizi safi za rangi ya waridi, moyo unapiga vizuri, tumbo laini. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa chotara wa mbwa wa kuswaga, na yote aliyokuwa akishtakiwa nayo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Angekuwa na kondoo mia, mama huyo angemsifia mtaa mzima.

Naandika haya kwa sababu mashauri ya namna hii nayapata mara kwa mara, na karibu yote yalianza siku mbwa anaponunuliwa. Mtu amevutiwa na masikio yaliyosimama au picha kwenye simu. Hajajiuliza huyu mnyama atafanya nini kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni.

Mbwa mwitu anapowinda hupita hatua moja baada ya nyingine: anaona, anakodoa, ananyemelea, anafukuza, anakamata, anaua. Wafugaji wa kondoo wa Ulaya walichagua wazazi kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata mbwa ambao hatua za mwanzo zimebaki na nguvu zote, na za mwisho zimefifia. Border Collie, mbwa wa mpakani mwa England na Scotland, ndiye mfano ulio wazi zaidi. Wengi wao leo nasaba yao inarudi kwa dume mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer wa Northumberland. Old Hemp hakuwa mpiga kelele. Aliinama, akakaza macho, kondoo wakasogea. Kuku wa Uyole walikuwa wanakutana na macho hayohayo.

German Shepherd tumemzoea getini na kwa polisi, lakini jina lake lenyewe linamtaja kuwa mbwa wa mchungaji wa Ujerumani. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz alianza kuisajili aina hii kutokana na mbwa wa wachungaji. Kazi yao kule ilikuwa kutembea ukingoni mwa malisho yasiyo na wigo, kwenda na kurudi, ili kondoo wasiingie kwenye mazao ya jirani. Yaani alikuwa uzio unaotembea. Kwa hiyo ukimwona wako amechimba njia kando ya ukuta, huku na huku mpaka nyasi zimekufa, usidhani ni utundu. Yuko kwenye lindo. Tena kuna mbwa wa ng'ombe wa Australia, mwenye damu ya dingo ndani yake, ambaye huwasogeza ng'ombe kwa kuwauma visigino. Huyo sishauri kabisa nyumba yenye watoto wadogo.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Mbwa anayefuatana na ng'ombe kwenye mbuga za Usangu kwa kawaida si mbwa wa kuswaga. Kuswaga ni kazi ya kijana na fimbo yake; mbwa yuko pale kubweka akinusa fisi au mwizi. Ndiyo maana mtu akija kuniuliza mbwa wa zizini, namuuliza kwanza: unataka aswage au alinde? Tisa kati ya kumi, ukiwasikiliza vizuri, wanataka mbwa wa kubweka usiku. Kwa kazi hiyo mbwa wetu wa kienyeji, akipata chanjo na chakula cha maana, anatosha na kubaki. Watu wanamdharau kwa kuwa hana bei, basi. 

Anayehitaji kweli mbwa wa kuswaga ni kama yule mzee wa Matamba, kule Makete, anayefuga kondoo kwenye miinuko ya karibu na Kitulo. Kwa mluzi mmoja mrefu mbwa wake anazunguka mbali, anatokea nyuma ya kundi. Kwa miluzi miwili mifupi analala palepale alipo, hata kama ni kwenye umande wa baridi ya Julai. Mzee alinieleza kwamba miezi minne ya kwanza hakumpeleka kabisa kwa kondoo. Alimfundisha mambo matatu tu: njoo, lala, acha. Nilipenda sana hilo la "acha". Mbwa asiyejua kuacha hajui kuswaga, anajua kufukuza.

Sasa utaratibu wetu wa mjini: mbwa kibandani mchana kutwa, usiku anafunguliwa. Mbwa wa aina hii ukimfanyia hivyo umemfunga jela. Baada ya miezi utamwona anafukuza mkia wake, anabwekea vivuli, au analamba mguu mmoja mpaka unatoka kidonda. Anahitaji saa moja hadi mbili za kutembea na kukimbia kila siku, na juu ya hapo kazi ya kichwa. Border Collie huishi miaka 12 hadi 15. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo anaweza kumaliza kidato cha sita mbwa huyo akiwa bado mlangoni. Kama huna muda huo, chukua mbwa mwingine.

Ukishaamua, usinunue ndani ya boksi. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa hiyo nasema kwa uchungu. Kijana mmoja stendi alikuwa na watoto wanne kwenye boksi la sabuni. "Wiki nane kamili, Dokta, mimi siwezi kukudanganya wewe." Nilikuwa na haraka, nikalipa. Usiku nikamfungua mdomo chini ya taa. Mtoto wa mbwa huwa na meno ya utoto 28, na yanakamilika karibu na wiki ya nane. Huyu magego ya nyuma yalikuwa hayajachomoza. Alikuwa na wiki tano, labda na siku mbili. Siku ya sita akaanza kutapika, kisha kuharisha damu yenye harufu ambayo daktari yeyote wa mifugo anaijua akiwa bado mlangoni. Parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo. Hakufika Jumapili.

Kwa hiyo nenda alikozaliwa, umwone mama yake. Kama mama anafoka na kujificha mbele ya mgeni aliyekaribishwa na mwenyeji, watoto wanaweza kurithi woga huo, na pia wanajifunza kwake. Majaribio ya kumwangushia mtoto funguo au kumlaza chali yana faida kidogo. Hayakuambii sana atakuwaje akikomaa. Mama anakuambia zaidi. Mtoto akishtuka kisha akarudi kunusa kilichomshtua, huyo ni mzuri. Anayebaki kwenye kona, mwache. Anayewapanda wenzake wote kichwani anakuja kukukimbia miguu yote, mwache pia kama ni mbwa wako wa kwanza. Tumbo kama ngoma kwenye mwili mwembamba ni minyoo. Inua mkia: pakavu na safi. Kwa German Shepherd uliza na utazame wazazi wanavyotembea, maana ugonjwa wa nyonga hurithiwa. Mbwa anayeyumbisha makalio akipanda ngazi asikuzalie mtoto. Na asiondoke kwa mama yake kabla ya wiki nane.

Chanjo ya parvo na homa ya mbwa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, na dozi ya mwisho iwe wiki ya 16 au baada ya hapo. Watu huiruka hiyo ya mwisho kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyoipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, huizuia chanjo kufanya kazi, na kila mtoto kinga hiyo huisha kwa wakati wake. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Ukifiwa na mbwa kwa parvo, usilete mwingine mdogo kwenye banda lilelile juma linalofuata.

Hapo kuna mtego. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea dunia: pikipiki, watoto wa shule, mtu mwenye mwavuli, mbuzi. Ukimfungia ndani mpaka chanjo ziishe, utapata mbwa anayeogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Suluhisho ni kumbeba. Mpeleke sokoni Mwanjelwa kifuani ndani ya koti, asikie kelele, anuse watu, asiguse chini. Dakika kumi zinatosha.

Kichaa cha mbwa hakina mjadala: sindano akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja, lakini usiisubiri. Na kwa kuwa mbwa wa kuswaga ana tabia ya kudonoa visigino, kila nyumba yenye mbwa huyu ijue hili: jeraha la mbwa, hata mkwaruzo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Minyoo anza wiki ya pili ya umri, rudia kila wiki mbili mpaka wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Kwa mwenye kondoo au mbuzi kuna jambo la ziada. Ukiona mbuzi anazunguka upande mmoja, kichwa kimeinama, anagonga miti, huenda ana lengelenge kwenye ubongo, ule ugonjwa wa kizunguzungu. Chanzo kinaweza kuwa mbwa wako mwenyewe. Anakula kichwa kibichi cha mbuzi aliyechinjwa, tegu anakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi malishoni, mbuzi anayala. Vichwa vizikwe au vipikwe vikaiva, na mbwa wa zizini apewe prazikwanteli, dawa ya tegu, kila miezi mitatu.

Kumpa kazi si lazima uwe na kondoo. Yule mama wa Uyole nilimshauri aache kumwekea chakula kwenye sahani. Ugali na dagaa autawanye kwenye nyasi, mbwa autafute kwa pua. Robo saa ya kunusa humchosha kuliko unavyodhani. Mbuzi wake watatu wakirudi jioni, mbwa awe kwenye kamba ya katani ya mita kumi, mama aende naye, mbwa alale akiambiwa. Wajukuu wafundishwe kusimama kama mti akiwajia, si kukimbia na kupiga kelele, maana kukimbia ndiko kunakomwita. Na bodaboda: mbwa asipate nafasi hata moja zaidi ya kumfukuza. Kila akifukuza, pikipiki inaondoka, na yeye anaamini ameiondoa.

Chakula nitaenda haraka. Mtoto ale mara tatu hadi nne kwa siku, na ugali peke yake haumjengi. Mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayosema "hayo ni ya mbwa", yana sumukuvu inayoharibu ini. Mbwa hufa nayo kama ambavyo mtu angekufa. Na kwa watu wa Rungwe na Njombe, ambako parachichi zimejaa chini ya miti: kokwa lake likimezwa huziba utumbo, na hapo ni upasuaji.

La mwisho ni chupa ya ivamektini ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi. Ile ya kawaida ina miligramu 10 katika mililita moja, na mililita hiyo imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 50. Ukimdunga mtoto wa mbwa wa kilo tano mililita hiyohiyo, umempa mara kumi kwa kila kilo. Mbwa wa jamii ya Collie wana hatari zaidi: baadhi yao wana hitilafu ya kurithi, iliyogunduliwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Kwao hata kipimo cha ng'ombe kwa kilo ni sumu. Hitilafu hiyo ipo pia kwa baadhi ya German Shepherd na machotara, na kwa macho huwezi kuijua. Ukimwona anayumba, anatoa udenda, mboni zimetanuka, anagonga ukuta kama asiyeona, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mlete kliniki usiku huohuo. Chupa ya dawa ilete pia, hata kama imebaki tupu.