Je, wajua ilikuwaje Wasovieti wakajenga hospitali Kisumu?

Mwambie mwendesha bodaboda mjini Kisumu akupeleke "Russia", naye hatakuuliza mara mbili. Atakushusha kwenye lango la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, karibu na Kondele, kwenye barabara ya kwenda Kakamega. Wapo bado wanaoiita "New Nyanza", jina iliyofunguliwa nalo. Hili la "Russia" limetokana na waliotoa msaada wa kuijenga: Umoja wa Kisovieti, miaka ya sitini.

Hapo ndipo penye swali. Kenya ya Mzee Jomo Kenyatta ilikuwa karibu zaidi na Uingereza na Marekani. Wanajeshi wake walifunzwa na Waingereza, na mawaziri wengi wenye sauti hawakutaka kusikia habari za ukomunisti. Imekuwaje basi Moscow ikaacha hospitali nzima kando ya Ziwa Victoria?

Jibu linaanzia kwa Jaramogi mwenyewe. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu Maseno, kisha akaingia biashara, na mwaka 1947 akawa mstari wa mbele kuanzisha shirika la akiba na biashara la Waluo. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963 akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Desemba 1964 Makamu wa Rais. Msimamo wake haukuwa wa siri: nchi iliyotangaza kwamba haifungamani na upande wowote haina sababu ya kupokea msaada wa Magharibi pekee na kuukataa wa Mashariki. Alikuwa amekwisha kuwatafutia vijana wa Kenya nafasi za masomo katika nchi za kisoshalisti, na kati yao wamo waliorudi wakiwa madaktari.

Mwaka 1964 aliongoza ujumbe wa Kenya hadi Moscow na Beijing. Mazungumzo ya Moscow yalizaa mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na kiufundi. Orodha ya miradi ilikuwa ndefu: kilimo cha umwagiliaji katika tambarare ya Kano, kiwanda cha kusindika samaki, kiwanda cha nguo na mingine. Mingi ilikuwa ya mkopo. Ila hospitali ya vitanda 200 mjini Kisumu, pamoja na chuo cha ufundi, vilitajwa kuwa zawadi.

Kwa nini Kisumu? Siasa ilikuwamo, hakuna haja ya kuficha. Nyanza ndiyo ilikuwa ngome ya Jaramogi, na Wasovieti walijua wanamjengea nani heshima. Isitoshe, hospitali ilikuwa zawadi waliyoipenda. Walikuwa na hospitali yao Addis Ababa, ile ya Balcha, na mwaka 1960 nyingine ikafunguliwa Phnom Penh, Kambodia, ikipewa jina la urafiki wa nchi hizo mbili. Hospitali huonekana na kila mtu, na mgonjwa aliyepona huisimulia vizuri kuliko gazeti lolote.

Lakini haja ilikuwapo, tena kubwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na mji ukakua, ila huduma za afya za enzi ya mkoloni zilipangwa kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na huyo wa mwisho ndiye aliyebanana na wenzake wengi zaidi. Eneo la ziwa ni la malaria kali tangu zama na zama. Mgonjwa aliyeshindikana hapo alitazamiwa kusafiri kama kilomita 350 hadi Nairobi. Anayeiona hospitali hii kuwa mchezo wa vita baridi tu, naona hajamfikiria mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa usiku wa manane.

Mkataba ulipofika Nairobi mambo yakaanza kukwama. Gharama za ndani za miradi ya mkopo zilitakiwa zilipwe kwa kuuza bidhaa za Kisovieti nchini Kenya, na serikali ikalalamika kuhusu bei na ubora wa bidhaa hizo. Chini ya hoja hiyo ya uhasibu kulikuwa na hofu ya kisiasa. Aprili 1965 meli ya Kisovieti ilileta silaha Mombasa, Kenyatta akazikataa. Machi 1966, kwenye mkutano wa chama tawala, KANU, huko Limuru, nafasi ya Jaramogi ya makamu wa rais wa chama ilifutwa na kugawanywa kwa watu kadhaa wa mikoa. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini na kuongoza chama cha upinzani, KPU. Miradi mingi ya mkataba ikafa kwenye makaratasi.

Hospitali ikaendelea. Kuvunja mkopo wa kiwanda ni jambo moja. Kuwaambia watu wa Nyanza kwamba hospitali waliyopewa bure haitajengwa ni jambo jingine kabisa, hasa baada ya kiongozi wao kusukumwa nje. Kwa hiyo kuta zilipanda wakati aliyeziombea akiwa mpinzani anayewindwa.

Julai 5, 1969, Tom Mboya, waziri na Mluo mwenye jina kubwa nchini, aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Nyanza ikawaka kwa uchungu na shuku. Ni katika hali hiyo, Oktoba 25 mwaka huohuo, Kenyatta alipokwenda Kisumu kuifungua hospitali. Jaramogi alihudhuria, na wafuasi wake walijaa uwanjani wakipaza wito wa chama chao, "Dume!" Viongozi hao wawili, waliokuwa wamepigania uhuru pamoja, wakarushiana maneno hadharani. Kenyatta alionya kwamba watakaomchokoza watasagwa kama unga. Vurugu zikazuka, na walinzi wake wakafyatua risasi kwenye umati. Milio iliendelea msafara ulipokuwa ukiondoka mjini kuelekea Ahero, ikawapata hata waliosimama kando ya barabara kutazama.

Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wenyeji na watafiti wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi ya hapo, watoto wakiwamo. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, Jaramogi na wenzake wakawekwa kizuizini, naye hakuachiliwa hadi 1971. Kenyatta hakurudi Kisumu tena mpaka alipofariki mwaka 1978. Mauaji hayo yaliandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya tukio. Muda wote huo familia zilikaa na msiba wao bila serikali kukiri kosa lolote. Ukiniuliza, hilo ndilo doa zito zaidi katika historia ya jengo hili, na linastahili kutajwa kila hospitali hii inaposifiwa.

Wodi zilifunguliwa hata hivyo. Miaka ya mwanzo madaktari wa Kisovieti walitibu humo, na nadhani kuonekana kwao kila siku kliniki ndiko kulikolikaza jina la "Russia" midomoni mwa watu. Majina rasmi yalibadilika kwa amri za ofisini. Hili halikuhitaji amri.

Baadaye hospitali ilipewa jina la Jaramogi, mtu aliyetiwa kizuizini siku chache baada ya ufunguzi wake. Leo inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti nyingi za magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno hujifunzia humo, na kwa vile eneo la ziwa limebeba mzigo mkubwa wa malaria, selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu) na virusi vya Ukimwi, watafiti wa magonjwa hayo wamefanya humo kazi kwa miaka mingi. Vile vitanda 200 vya mkataba wa Moscow viliongezwa zamani, kwa sababu wagonjwa hawakuacha kuja.