Je, wajua? "Eagerly" ni ndugu wa siki, si wa tai

Kwa miaka mingi niliamini kwamba neno la Kiingereza eagerly, yaani kwa hamu kubwa, limetokana na eagle, tai. Ushahidi wangu ulikuwa ufuoni Dunga, Kisumu: tai wa kichwa cheupe katulia juu ya mti kama hana habari na mtu, mara anateremka, makucha mbele, anainuka na samaki, ngege. Hamu gani tena kuliko hiyo? Na herufi tatu za mwanzo si zilezile? Nikamfundisha na mdogo wangu, ambaye kwa bahati mbaya alinisadiki.

Kumbe ni mfanano wa sura tu. Eagle chimbuko lake ni aquila, jina la tai kwa Kilatini. Eager, linalozaa eagerly, asili yake ni acer, maana yake "-kali". Yote mawili yalipitia Kifaransa cha kale, yakasuguliwa midomoni mwa watu hadi yakafika Uingereza yakifanana kama pacha. Ukitaka ndugu halisi wa eagerly, nenda kibanda cha chipsi uinue ile chupa ya vinega, yaani siki, yenye kifuniko kilichotobolewa. Vinega ni vin aigre ya Wafaransa, divai iliyochachuka, na aigre hiyo ndiyo eager.

Sasa ukali unageukaje hamu? Mswahili ana jibu mdomoni. Kisu ni kikali, siki ni kali, jua la saa saba ni kali, njaa ni kali, na fundi aliyebobea pale Kondele tunamwita mkali. Neno linaanzia kwenye chuma na ulimi, linaishia ndani ya mtu. Au fikiria embe bichi likikatwa na kupakwa pilipili: mate yanakujaa kabla hujaonja. Ukali huamsha. (Kali na acer hazina udugu wowote, zimepita njia moja tu.)

Kiingereza chenyewe kilichelewa kuisahau ladha hiyo. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare ya mnamo 1600, mzimu wa mfalme unasimulia jinsi sumu ilivyogandisha damu yake kama matone ya eager yanavyogandisha maziwa. Matone makali, basi; kamulia ndimu kwenye maziwa uone.

Kwa matumizi ya leo, eagerly huelekea mbele. Mashabiki wa timu ya soka ya Gor Mahia wanaosubiri lango la uwanja lifunguliwe wanasubiri eagerly. Wakishaingia na kuanza kuimba, hapo ni enthusiastically, yaani kwa msisimko.

Nasi tunalitafsiri eagerly kuwa "kwa hamu na ghamu". Maneno hayo tumeyapata kwa Waarabu, na kwao hamm ni wasiwasi, ghamm ni majonzi. Kwa hiyo kadi ya harusi inayosema "tunakusubiri kwa hamu na ghamu", Mwarabu akiipima neno kwa neno, atadhani anaalikwa matangani.