Kabla ya kukodisha ndege yako ndogo, piga hesabu ya saa

Mwenye Cessna 172 pale Wilson, Nairobi, hulipa bima, maegesho na ukaguzi wa kila mwaka hata ndege isipoondoka ardhini. Mzigo huo hupungua kwa kuongeza saa za kuruka na watu wa kuzilipia. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba gharama hizo ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Kwa saa 50, kila saa inabeba shilingi 24,000. Kwa saa 150, shilingi 8,000. Mafuta, takriban lita 32 hadi 36 kwa saa, alipe anayerusha.

Kuiacha imeegeshwa nako kunagharimu. Katika injini nyingi za Lycoming zinazofungwa kwenye ndege hizi, kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Ndege ikikaa wiki kadhaa, oili hushuka, unyevu hukuta chuma kitupu na kutu huanza, hasa Mombasa na Malindi kwenye hewa ya chumvi. Kuiwasha chini kwa dakika kumi kunaongeza unyevu badala ya kuutoa. Iruke walau saa nzima, joto la oili likiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Oili na chujio hubadilishwa kila saa 50 au miezi minne, lolote litakalotangulia.

Wenzio wawili au watatu wa kumiliki pamoja ndio njia nyepesi zaidi, mradi mkubaliane kwa maandishi anayetaka kutoka atauza hisa yake vipi. Kubeba watu kwa nauli usijaribu: leseni ya urubani binafsi haimruhusu rubani kulipwa.

Shule ya urubani huleta saa nyingi, na uchakavu pia. Mwanafunzi akitua kwa gurudumu la mbele, ukuta wa bati nyuma ya injini hupinda. Propela ikigusa ardhi, injini hufunguliwa yote ikaguliwe, hata kama inaunguruma vizuri. Kwa hiyo mkataba utaje nani atalipa kile kiasi ambacho bima haikifidii, na kampuni ya bima ijulishwe mapema kwamba ndege itafundishia. Kuificha kunaweza kukukosesha fidia yote.

Mkataba utaje pia saa zitahesabiwa kwa kifaa gani. Mita ya Hobbs huhesabu muda wote injini inapowaka. Ya takometa hufuata kasi ya mizunguko ya injini, hivyo ndege ikitembea polepole chini husoma pungufu. Ukitoza kwa takometa, bei ya saa iwe juu kidogo.

Kila saa itoe pia akiba ya injini. Lycoming hupendekeza nyingi ya injini hizi zifanyiwe matengenezo makubwa zikifika saa 2,000 au miaka 12. Kama kazi hiyo itagharimu shilingi 4,000,000, ni shilingi 2,000 kwa saa, ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake tangu saa ya kwanza.