Aliyekwambia "Mungu kasema", yeye yuko chini ya nani?

Msimu wa korosho ukifunguka huku kusini mwa Tanzania simu yangu haipoi. Minada inaanza mwezi wa kumi, AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, zinaanza kulipa, meseji za benki zinaingia kwenye simu za watu, na ghafla kila kona kuna semina ya utii. Sijui kwa nini huo utii haufundishwi mwezi wa tatu watu wakiwa hawana hata hela ya chumvi.

Mimi kazi yangu ni kufundisha Biblia makatekista na wazee wa kanisa, upande huu wa Masasi, kwa hiyo maswali nayapata wasapu, nayapata sokoni, nayapata mpaka nikiwa nyuma ya bodaboda. Mengi yanafanana: mwalimu, mtumishi kasema Mungu kamwonyesha nitoe nusu ya mauzo yangu, na nisipotoa nimemwasi Mungu, sasa nifanyeje? Ukilisikia hivi unaona ni swali la hela, ila ni swali la mamlaka. Na mimi huwa namrudishia mtu swali moja kabla ya yote, huyo mtumishi yeye mwenyewe yuko chini ya nani?

Swali hilo nimelitoa kwa yule akida wa Kapernaumu, ofisa wa jeshi la Kirumi, Mathayo 8 na Luka 7. Mtumishi wake anaumwa, anamwambia Yesu usijisumbue kuja nyumbani kwangu, sema neno tu, kwa maana mimi nami ni mtu niliye chini ya mamlaka, nina askari chini yangu. Tukihubiri hapa tunakimbilia pale pa "nikimwambia nenda, huenda", yaani tunapenda pale pa kuamrisha. Lakini angalia alivyoanza, kaanza na yeye kuwa chini. Amri yake ina nguvu kwa sababu nyuma yake kuna wakubwa wake wa jeshi na nyuma yao kuna Kaisari, siku akianza kujiamulia mambo yake anabaki jamaa mmoja mwenye upanga. Na hicho ndo alichokiona kwa Yesu. Yohana 5:19 Yesu anasema Mwana hawezi kutenda neno mwenyewe ila lile amwonalo Baba akilitenda, halafu Gethsemane anaomba kikombe kimwondokee na bado anamalizia si mapenzi yangu bali yako yatendeke. Kwa hiyo kwenye Ukristo anayetutaka tutii ametii yeye kwanza, hata mauti ya msalaba, Wafilipi 2:8. Mtu anayekuamrisha kwa jina la huyu Yesu halafu yeye haulizwi na yeyote, huo mfano kautoa wapi?

Kuna sura moja napenda kuifundisha na haihubiriwi sana, 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu anatoka Yuda anakwenda Betheli kuilaani madhabahu ya mfalme Yeroboamu. Mfalme ananyosha mkono akamatwe, mkono unakauka hapo hapo, madhabahu inapasuka, majivu yanamwagika. Mfalme akiona hivyo anaomba aombewe, mkono unapona, anamwambia twende nyumbani ule nikupe na zawadi. Jamaa anakataa katakata, Mungu kanikataza kula mkate, kunywa maji, na kurudi kwa njia niliyojia. Safi kabisa. Sasa kuna nabii mzee wa hapo Betheli, wanawe wanampa habari, wanamtandikia punda anamfuata, anamkuta amekaa chini ya mti, anamwambia mimi nami ni nabii kama wewe, na malaika kaniambia nikurudishe kwangu ule chakula. Biblia haizunguki, inasema alimwambia uongo. Yule bwana akarudi akala. Bado wako mezani hukumu ikaja, tena kwa kinywa cha yule yule mzee muongo, na alipoondoka simba akamuua njiani. Simba akasimama pembeni ya maiti, hakuila, wala hakumgusa punda.

Darasa likifika hapa lazima mmoja aseme Mungu hakutenda haki, muongo kapona na aliyedanganywa kafa. (Suala lenyewe la simba kuua mtu huku Lindi na Mtwara hakuna anayehitaji kuelezwa.) Hilo swali la haki mimi huwa nawaachia walibebe, sina haraka ya kulisawazisha. Ninachotaka waone ni kwamba mfalme na zawadi zake alimshindwa huyu mtu, aliyemweza ni mtumishi mwenzake, mzee, mwenye jina, mwenye "malaika kaniambia". Neno la Mungu alikuwa nalo tayari, kalipokea mwenyewe, akaliweka chini kwa sababu mtu mwenye cheo cha dini kaja na jipya. Paulo kwenye Wagalatia 1:8 anafunga huu mlango kabisa, anasema hata sisi au malaika wa mbinguni akiwahubiri injili nyingine na alaaniwe, na hebu ona, kajiweka na yeye humo ndani ya laana.

Sasa kuna wengine wakisikia hivi wanafurahi kupita kiasi. Basi mimi namtii Mungu tu, binadamu hanipangii! Wewe nawe subiri.

Huku Masasi tulishawahi kuwa na askofu, Trevor Huddleston, 1960 mpaka 1968. Kabla ya kuja kwetu alikuwa padri Sophiatown kule Johannesburg, na serikali ya makaburu ilimchoka. Walipopitisha sheria ya elimu ya Wabantu mwaka 1953, watoto weusi wapewe elimu ya kuwabakiza vibarua, shule ya St Peter's iliyokuwa mikononi mwake ikaonekana bora ifungwe kuliko kukabidhiwa serikali. Mbishi wa namna hiyo. Halafu jumuiya yake ya kitawa, yenye makao Mirfield Uingereza, ikamwamuru arudi, watu wake wanabomolewa nyumba na yeye anaambiwa aondoke, na mwanzoni mwa 1956 akaondoka kweli, roho ikimuuma, kwa sababu alikuwa ameweka nadhiri ya utii. Mimi mpaka leo sina uhakika kama wale wakubwa wake waliamua vizuri. Ila ndo maana ukaidi wake kwa makaburu siuiti ukaidi wa mtu anayejipenda, mtu aliyekuwa anajua kuambiwa hapana akikataa jambo nalisikiliza.

Warumi 13, ile sura ya kutii wenye mamlaka, nayo isomwe hivyo hivyo. Paulo anaiandika Nero akiwa Kaisari, anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu, na mtumishi maana yake ana bwana wake. Kwa hiyo Petro na mitume wanapoambiwa wanyamaze wanajibu imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, Matendo 5:29, halafu wanapigwa na wanapokea kipigo, hawakurusha ngumi.

Na wewe unayetoa kwa mbwembwe usidhani Mungu haoni hela ilikotoka. Mfalme Sauli aliambiwa na Mungu aangamize mifugo yote ya Amaleki, akabakiza ile iliyonona, nabii Samweli alipouliza mbona nasikia kondoo wanalia akajibu ni ya dhabihu. Jibu likawa kutii ni bora kuliko dhabihu. Huku kwetu mtu anacheza kangomba, yaani mwezi wa saba anamkuta mama ana mtoto kalazwa, ananunua korosho bado iko juu ya mti kwa bei ya kutupa, mwezi wa kumi na mbili yeye ndo wa kwanza kwenye harambee na bando zake za bati na kanisa zima linapiga vigelegele. Samweli angekuwepo angeuliza hayo mabati mbona yanalia.

Ya ndoa nayo naulizwa sana, nitayaandikia siku yake, kwa leo akina baba mkimaliza kusoma Waefeso 5:22, pale pa wake kuwatii waume, rudini mstari mmoja nyuma, pale pa kunyenyekeana.

Kwa hiyo tumrudie aliyeambiwa atoe nusu. Fungua 2 Wakorintho 8:18-21. Paulo ana mchango mkubwa wa kupeleka Yerusalemu, mtume mzima huyu, ila hakubali kuubeba peke yake, anaambatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili mtu asije akamlaumu kwa habari ya ile hela. Sasa nenda kwa mtumishi wako, kwa adabu tu, shikamoo yako mbele, muulize mhazini ni nani, mapato na matumizi yanasomwa lini mbele ya washirika, na yeye akikosea anaitwa na nani. Akikuonyesha, kaa naye muongee, pengine ni mtu mwema aliyezidiwa na mzuka wa madhabahuni. Akikwambia kuuliza ni uasi, lipa ada ya watoto kwanza.