Kifaa cha Mtoto Kisifungiwe Kabatini Wakati wa Hadithi

Kutokana na malalamiko yanayozidi kuwasilishwa katika kituo chetu cha tathmini, tunawakumbusha wazazi na walimu kwamba mtoto anayezungumza kwa ubao wa picha, kitufe cha sauti au kishikwambi anapaswa kuwa nacho karibu, hasa anaposomewa hadithi. Kukifungia kabatini ati kisiharibike ni kumfunga mtoto mdomo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayofaa ya mawasiliano, wala hakikutenga saa ya kusoma.

Msomaji naye huzigusa picha za kifaa hicho. Ukifika pale fisi anapoung'ang'ania mfupa, sema "anataka" huku ukigusa picha ya TAKA, kisha nyamaza na uhesabu moyoni hadi kumi. Wengi hufika tatu wakamjibia. Mtoto akigusa MIMI na TAKA, itikia, "Ahaa, nawe unataka!" bila kumsahihisha, kwa kuwa programu nyingi zinazotufikia zilibuniwa kwa Kiingereza na haziwezi kuunganisha viambishi vyetu kuwa "ninataka". Hadithi isigeuzwe mtihani wa "fisi yuko wapi, bonyeza". Neno FISI litamfaa katika hadithi hiyo. TENA, SITAKI na NGOJA zitamfaa hadi kwenye foleni ya maji.

Dhana kwamba kifaa humfanya mtoto mvivu wa kuongea tumeijibu hadi tumechoka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Millar, Light na Schlosser mwaka 2006 yalichunguza kwa kina washiriki 27, na hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua.

Kuhusu kuazima kifaa kituoni kwetu, fomu hujazwa nakala mbili, zote zikiwa na sahihi ya mzazi na muhuri wa shule, na nakala moja hubaki kituoni. Kifaa kikipotea, mzazi aripoti polisi kabla ya kuja kwetu, kwani bila hati ya polisi hatuwezi kukifuta katika daftari wala kutoa kingine. Mikwaruzo na uji uliomwagikia ubao si kosa, wala hakuna anayetozwa kwa hayo. Tunayemwita kujieleza ni yule anayerudisha kishikwambi mwisho wa muhula kikiwa na nailoni ya kiwandani juu ya kioo.